Grateful Dead jukwaani: nianze na shoo zipi, na nakala ipi ya kila moja?

Kengele_Tatu

Wakuu, albamu za studio za Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, nimezimaliza, na kila anayeijua bendi hii ananiambia hilohilo: bado hujaisikia, hawa walikuwa watu wa jukwaani. Shida ni wingi. Miaka 30, 1965 hadi 1995, shoo zaidi ya 2,000, na nyingi zina kanda.

Naomba mnisaidie kwa haya. Shoo sita za kuanzia, na katika kila moja niingilie wapi, kwa sababu saa tatu kwa mara moja ni nyingi kwa mgeni. Halafu, shoo ya Barton Hall ya Mei 1977 naiona ina nakala kadhaa na kila moja inatoa saundi yake; inakuwaje shoo moja isikike namna nne? Na la mwisho: wimbo ukifika dakika 30, sikio lishike nini ili nisipotee?

besi_ya_mbali

Mkuu, usitafute "shoo bora", tafuta kipindi. Bendi hii ilibadilisha wapiga kinanda, idadi ya wapiga dramu, magitaa na hata spika, na kila badiliko lilileta muziki mwingine. Mtu akikuambia "1969 ndiyo yenyewe" na mwingine akasema "1977", wanazungumzia bendi mbili zenye jina moja.

Kwa mgeni naanzia Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti 1972. Shoo ya uwanjani, mchana wa joto kali, ya kuchangia kiwanda cha maziwa cha Springfield Creamery. Mpiga dramu ni mmoja tu, Bill Kreutzmann, kwa sababu Mickey Hart aliondoka Februari 1971 na hakurudi hadi Oktoba 1974. Hii ndiyo siri ya 1972: dramu moja inaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo unasikia kila kidole. Kwenye piano yupo Keith Godchaux, Jerry Garcia anapiga Stratocaster yenye sauti kali na safi, na besi ya Phil Lesh haikai chini kama besi za kawaida, inatembea juu ya shingo kama gitaa la tatu. Toleo rasmi lilitoka 2013, limemiksiwa upya kutoka kanda ya njia 16, yaani sauti 16 zilizorekodiwa kila moja peke yake, kwa hiyo ala zimepangika na kila moja ina mahali pake. Ingia kwenye "Playing in the Band" ya seti ya pili (seti ni sehemu ya shoo kati ya mapumziko), kisha ruka hadi "Dark Star", zaidi ya dakika 30. Ukisikia magitaa yanayumba kidogo kwenye tyuni, ni lile joto. Uvumilie, kuna kitu kikubwa mbele.

Ya pili ni Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, 8 Mei 1977. Sasa wapiga dramu ni wawili na bendi imekaza. Wakati huo walikuwa wakitengeneza albamu na prodyuza Keith Olsen, na nidhamu ya studio inasikika jukwaani: mapigo yananyooka, mianzo na miisho haina kigugumizi. Garcia ameshabadili gitaa, anatumia Travis Bean yenye shingo ya alumini, na noti zinakaa muda mrefu bila kufa. Nenda moja kwa moja seti ya pili: "Scarlet Begonias" inayoingia "Fire on the Mountain", kama dakika 26 kwa pamoja, halafu funga na "Morning Dew".

Ya tatu, Fillmore East, New York, 13 na 14 Februari 1970. Ilitoka 1996 kama namba 4 ya Dick's Picks, mfululizo rasmi wa kanda za shoo za zamani, diski tatu. Hapa utakuta "Dark Star", kisha "That's It for the Other One", kisha "Turn On Your Lovelight", na kila moja ni karibu nusu saa. Usizisikilize zikiwa zimetengana. Nguvu yake iko kwenye kushuka: unaanza angani na wimbo wa kwanza, wa pili unakutupa kwenye kishindo, na wa tatu Ron McKernan, yule waliyemwita Pigpen, anakurudisha ardhini kwa bluzi.

Ya nne, Seattle, 21 Mei 1974, kwa ajili ya wimbo mmoja: "Playing in the Band" ya dakika 46, ndefu kuliko zote walizopiga bila kukatisha. Rasmi imo kwenye boksi la Pacific Northwest lililotoka 2018. Usianze na hii. Ukianza nayo utaizima dakika ya 15 na kusema bendi haijui kumaliza wimbo.

Ya tano, Fillmore West, San Francisco, 27 Februari 1969. Hiyo "Dark Star" ya dakika 23 ndiyo iliyowekwa kwenye albamu ya Live/Dead mwaka uleule. Ni kali na imejaa ogani.

Ya sita, Nassau Coliseum, 29 Machi 1990, Branford Marsalis akiwa na saksafoni. Toleo rasmi ni la 2014. Anaingia kwenye "Bird Song" ya seti ya kwanza, na seti ya pili anakaa nao. Sikiliza "Eyes of the World" mara mbili: mara ya kwanza mfuate Marsalis, mara ya pili mfuate Garcia, uone jinsi mgeni alivyomfanya apige sentensi fupi na kungoja jibu.

Ogani_ya_Kale

Nakubaliana na orodha, mpangilio sikubaliani nao. Mgeni aanze na Barton Hall. Veneta inamtaka msikilizaji avumilie sehemu zisizo na mapigo ya wazi, na mtu aliyetoka kwenye albamu za studio bado hana subira hiyo. Barton Hall unaweza kuicheza kwa miguu kuanzia dakika ya kwanza.

Orodha ile imeacha shimo moja: Pigpen amepewa sentensi moja tu. Mtu huyu alikuwa nguzo ya mbele ya bendi miaka ya mwanzo, na shoo yake ya mwisho ilikuwa Juni 1972, ndiyo maana huko Veneta hayupo. Ukitaka kumsikia akiwa pamoja na Keith Godchaux, ogani na piano kwa wakati mmoja, nenda kwenye safari ya Ulaya: shoo 22, kuanzia 7 Aprili hadi 26 Mei 1972, zote zimerekodiwa kwa njia 16. Shoo zote zilitoka pamoja mwaka 2011, diski 73. Huhitaji zote. Chukua usiku wa mwisho, 26 Mei, Lyceum, London.

Tahadhari kwa anayeijua albamu ya awali ya safari hiyo, ile ya sahani tatu ya 1972: sauti nyingi za kuimba mle zilirudiwa studio baada ya safari. Ndiyo maana zimenyooka vile. Kwenye matoleo ya 2011, kwa sehemu kubwa, unasikia walichoimba usiku wenyewe, na kuna mahali sauti zinapishana. Wengine hudhani ni nakala mbovu. Sivyo, ndiyo ya kweli.

Kuhusu Giza, Misri, 14 hadi 16 Septemba 1978, kwa sababu mgeni ataiona tu na atavutika na piramidi: iache kwanza. Piano ilitoka kwenye tyuni na Kreutzmann alikuwa ameumia mkono. Lakini usiizike. Hamza El Din na wanamuziki wa Kinubi wanaanza kwa makofi na dufu, bendi inaingia taratibu juu ya mapigo yao, na unasikia wapiga dramu wawili wa Kimarekani wakijipanga upya ili wasivunje hesabu ya wenyeji. Sehemu hiyo peke yake inatosha kuitafuta.

KandaNaMashine

Nijibu la nakala, maana hapo ndipo watu wanapopotezea muda.

Kuna kanda za aina tatu. Kanda ya mikisa imetoka kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Kanda ya ukumbini imerekodiwa na msikilizaji kwa maikrofoni zake, na bendi iliruhusu. Kuanzia Oktoba 1984 hata walitengewa eneo lao nyuma ya mikisa. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, watu huuita matriksi.

Watu hudhani kanda ya mikisa ni bora siku zote. Fikiria kwanza mikisa ipo kwa kazi gani. Fundi anachanganya sauti kwa ajili ya ukumbi. Ukumbi ukiwa mdogo, amplifaya ya gitaa inasikika yenyewe bila msaada, kwa hiyo fundi anaishusha kwenye spika kubwa na kupandisha sauti za kuimba. Kanda inashika kile kilichopita mezani tu: waimbaji wako usoni pako na gitaa liko chumba cha pili. Kanda ya ukumbini ina mizani sahihi ya ala lakini ina mwangwi na watu wanaopiga kelele. Ukumbi kama Barton Hall ni jengo kubwa la mazoezi ya kijeshi lenye dari la mbali, na mwangwi wake kwenye kanda ya ukumbini unaifunika besi.

Sasa, kwa nini Barton Hall ina sura nyingi? Kanda ya mikisa ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, ambaye alikuwa akimiksi kwa ajili ya kanda yenyewe, ndiyo maana kanda zake zina mizani nzuri kuliko za mafundi wengi. Kanda hizo ziliuzwa kwenye mnada mwaka 1986 baada ya kodi ya stoo kutolipwa, zikanunuliwa na watu tofauti, zikanakiliwa kwa njia tofauti. Nakala ya kila mmoja ilipita mikono yake. Toleo rasmi kutoka kanda zenyewe lilikuja Mei 2017 tu, pamoja na New Haven ya tarehe 5, Boston ya tarehe 7 na Buffalo ya tarehe 9. Kama unaweza kulipata hilo, usihangaike na nakala nyingine za usiku huo. Na ukilipata, isikilize Buffalo pia. Wapo wanaoipenda kuliko Cornell, na nadhani wana hoja.

Kwa shoo ambazo hazina toleo rasmi, kagua haya:

Kasi. Mashine ya kaseti ikikimbia asilimia 6 zaidi, muziki wote unapanda nusu toni. Asilimia 2 huigundui kwa sikio la kwanza, lakini Garcia anaanza kuimba kama mtoto na dramu zinakuwa na haraka. Njia rahisi ya kupima: tafuta mahali penye utulivu kati ya nyimbo, fungua programu ya kuchambua masafa, na utafute mvumo wa umeme. Marekani umeme ni hezi 60. Ukiona mvumo uko 61.2, kanda inakimbia asilimia 2. Irudishe kwa kugawanya 60 kwa 61.2, yaani kasi ya 0.98. Ila hakikisha mvumo ni wa usiku ule. Mvumo ulioingia baadaye wakati wa kunakili utakudanganya, na shoo zilizopigwa Ulaya zina hezi 50. Kama una shaka, chukua gitaa lililotyuniwa: "Dark Star" imeegemea A, na "Fire on the Mountain" inazunguka kwenye B na A tu.

Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za kaseti. Kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby B ikichezwa bila Dolby inakuwa na visahani vya dramu vikali na kelele ya "shhh". Kinyume chake, kaseti isiyo na Dolby ikichezwa huku Dolby imewashwa inakuwa kama spika imefunikwa blanketi. Ya kwanza unaweza kuipunguza kwa kushusha sauti za juu kidogo. Ya pili ni ngumu kurekebisha kwa sababu sehemu laini za muziki zimekandamizwa zaidi ya sehemu kubwa. Tafuta nakala nyingine.

Mikato. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 ni dakika 45, na seti ya pili mara nyingi huzidi saa. Ukisikia katikati ya wimbo saundi inageuka ghafla, mwangwi unaingia, kisha dakika moja baadaye inarudi, hapo kanda ilipinduliwa na mtu akaziba pengo kwa kanda ya ukumbini. Ni kazi njema, si kasoro.

Matriksi ina ugonjwa wake. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni iliyo mita 30 kutoka jukwaani inapokea muziki milisekunde 87 baada ya mikisa. Aliyechanganya asipozisogeza zikalingana, kila pigo la dramu linasikika mara mbili. Na hata akizilinganisha mwanzoni, mashine mbili hazikimbii sawasawa, hivyo ukitaka kumpima mtengenezaji wa matriksi, sikiliza dakika 10 za mwisho na si za mwanzo.

Faili ziwe FLAC, aina isiyopoteza chochote cha sauti. Si kwa ajili ya ubora peke yake: MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na kwenye orodha za bendi hii alama ya > maana yake wimbo unaingia wimbo bila kusimama. Ule ukimya unaangukia kwenye kiungo chenyewe. Zima pia mpangilio wa simu unaofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine.

Mwisho, kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, kanda nyingi za ukumbini unaweza kuzipakua, ila za mikisa tangu mwishoni mwa 2005 ni za kusikiliza hapohapo tu. Kubadilishana bure ni sawa, kuuza hapana. Hiyo ndiyo kanuni ya bendi tangu zamani.

Kengele_Tatu

Asanteni sana wakuu. KandaNaMashine, ile ya hezi 60 imenifungua macho. Nimejaribu Seattle ya 1974 kabla ya wakati, samahani besi_ya_mbali. Sauti za kuimba ni nyembamba, zina utupu fulani. Hiyo ni kasi, ni Dolby, au nakala mbovu?

KandaNaMashine

Hakuna hata moja kati ya hizo. Ni maikrofoni za Wall of Sound, ule ukuta wa spika waliotumia 1974 tu. Spika zaidi ya 600 na nguvu ya zaidi ya wati 26,000, zote zikiwa nyuma ya wanamuziki, na kila ala ina nguzo zake. Besi ya Lesh iligawanywa hata kwa nyuzi, kila uzi na spika zake. Faida yake ni usafi: spika haibebi gitaa na sauti ya mtu kwa pamoja, kwa hiyo havichafuani.

Lakini kuweka spika nyuma ya maikrofoni ni kuomba mluzi, maana sauti ya spika inarudi kwenye maikrofoni. Walichofanya ni kufunga maikrofoni mbili kwa kila mwimbaji, zikitengana kama milimita 60, moja ikiwa imegeuziwa nyaya. Kinachofika kwenye zote mbili sawasawa, yaani ule ukuta wa spika, kinafutika. Mwimbaji anaimba kwenye ya juu tu, mdomo karibu kabisa, sauti yake inabaki. Akisogea nyuma kidogo, sauti yake inafika kwenye zote mbili na yenyewe inaanza kufutika, hasa sehemu za chini. Huo ndio utupu unaousikia. Ukiongeza sauti za chini kwa ikwalaiza utaivimbisha besi na mwimbaji atabaki vilevile, kwa hiyo acha kama ilivyo.

besi_ya_mbali

Na ndiyo sababu 1974 inasikilizwa kwa ajili ya ala zaidi ya kuimba. Besi ya mwaka huo sijui nyingine inayoifikia.

Sasa lile swali la nusu saa, ambalo hatujaligusa. Usifuate gitaa la Garcia peke yake. Kila mgeni hufanya hivyo, kwa sababu ndilo linalong'aa, na akinyamaza unadhani muziki umesimama. Shika besi. Lesh ndiye anayebadili barabara. Garcia mara nyingi anaitikia.

Hesabu nayo inasaidia. "Playing in the Band" ina mzunguko wa mapigo 10. Wakiwa mbali sana, dakika ya 25 au 30, hesabu hiyo inakuwa imepotea kabisa. Kisha unasikia dramu au besi ikidokeza kipande cha ule mzunguko, mara moja, labda mara mbili, kabla bendi nzima haijaukumbuka. Ile dakika ya kurudi ndiyo mtu anayoingojea. Vivyo hivyo "Estimated Prophet" inahesabiwa kwa 7 na "The Eleven" kwa 11, kama jina lake lilivyo. Hesabu kwa vidole hadi mwili uzoee.

Kwenye "Dark Star" tafuta nguzo tatu: ule mwito mfupi wa ufunguzi, ubeti wa kwanza, na, kama upo, ubeti wa pili. Katikati ni huru. Dakika kadhaa kabla ya ubeti, mwito wa ufunguzi hurudi kwa kunong'ona kwenye gitaa au piano, na hapo unajua wanakusanyika. Veneta haina kukusanyika kwa mara ya pili: wimbo unamomonyoka hadi sauti za vyuma tupu, na kutoka kwenye kifusi hicho Bob Weir, mpiga gitaa wa pili na mwimbaji, anainua "El Paso", wimbo wa mwendo wa farasi. Wengine huchukia mgeuko huo. Kwangu ni sahihi kabisa, kwa sababu baada ya dakika 30 bila ardhi, sikio lina njaa ya hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Na kwenye "Scarlet" kwenda "Fire" ya Barton Hall, usingoje kordi zibadilike, zote mbili zimeegemea B. Kinachobadilika ni miguu. Wapiga dramu wanalegeza, mkazo wa pigo unahama, besi inaanza kurudia kipande kifupi chenye nafasi katikati. Jaribu kutaja sekunde ambayo wimbo wa kwanza umeisha, kisha rudia kesho uone kama utataja ileile.

Ogani_ya_Kale

Nyongeza ndogo kwa vifaa: sehemu ya dramu peke yake na ile ya sauti huru inayofuata, ambazo kuanzia 1978 ziko katikati ya karibu kila seti ya pili, zisikilize kwa hedifoni au spika yenye besi ya kweli. Kwenye spika ya simu nusu ya muziki huo haipo, na ndiyo maana wengi huiruka.

Kengele_Tatu

Nimeelewa. Basi Barton Hall seti ya pili kwanza, nimfuate Ogani_ya_Kale, kisha Veneta kwa hedifoni nikishika besi, halafu Fillmore East mfululizo. Seattle nairudisha kabatini hadi vidole vizoee kuhesabu kumi.